Helsinki, mji wa kusomea sera za jamii

Mwanafunzi wa sera za jamii akipewa na chuo chake nafasi ya kusoma mwaka mmoja katika nchi nyingine, ushauri wangu ni aombe Helsinki. Najua wengi hukimbilia Barcelona, Amsterdam au Toronto, na mji mkuu wa Ufini hubaki chini kabisa ya orodha kwa sababu ya baridi na ugumu wa lugha. Nami nilionywa hivyo hivyo kabla ya kwenda. Nimekaa huko mwaka mzima wa masomo, na nimerudi nikiamini kwamba ni vigumu kupata mji mwingine unaomwonyesha mwanafunzi wetu somo lake waziwazi namna ile. Sheria aliyoisoma asubuhi darasani anaikuta mchana mtaani, ina mlango na anwani, na watu wanaingia na kutoka.

Shahada yangu niliisomea Uingereza. Ni ya miaka minne, na mwaka wa tatu mwanafunzi hupelekwa nje. Miaka miwili ya mwanzo ilikuwa ya vitabu. Tulianza na ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942, iliyotaja maovu matano ya kupigwa vita: ufukara, maradhi, ujinga, makazi machafu na kukosa kazi. Aliyekulia Afrika Mashariki, akasikia tangu utotoni hotuba za Mwalimu Nyerere juu ya maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, husoma orodha hiyo kama mtu anayekutana na ndugu. Tukamsoma Richard Titmuss wa London School of Economics, ambaye pamoja na wenzake waliandika kitabu kizima juu ya huduma za afya za Tanganyika, kilichotoka mwaka 1964. Kisha tukafika kwa Gøsta Esping-Andersen, aliyeandika mwaka 1990 kwamba nchi tajiri zimegawanyika makundi matatu kwa namna zinavyowatunza watu wao. Uingereza ilielekea kundi linaloliachia soko mambo mengi. Ufini na jirani zake wa kaskazini walikuwa kundi la huduma kwa wote. Mwaka wa kusoma nje una maana hapo: umesoma makundi matatu, sasa nenda ukaishi ndani ya moja usilolijua.

Chuo Kikuu cha Helsinki kilianzishwa mjini Turku mwaka 1640, kikahamishiwa Helsinki mwaka 1828. Jengo lake kuu liko katikati ya mji, upande mmoja wa Uwanja wa Seneti. Upande wa pili, uso kwa uso nalo, liko jengo la serikali, na kaskazini linasimama kanisa kuu jeupe lililomalizika mwaka 1852, juu ya ngazi pana ambazo wanafunzi hukaa wakipata jua la Mei. Mwanafunzi wa kubadilishana halipi ada kwa chuo kinachompokea, na masomo ya jamii yanayofundishwa kwa Kiingereza yapo ya kutosha kujaza mwaka. Kilichonichukua muda ni kumwita profesa kwa jina lake la kwanza, bila cheo wala salamu ya heshima. Kwetu Unguja mwalimu ni mwalimu hata akistaafu. Kule profesa anavua viatu vya theluji mlangoni kama wewe, anakaa mezani na wanafunzi, na anasubiri umpinge.

Nilipata faraja nyingine ambayo sikuitarajia. Chuo hicho kimekitumikia Kiswahili kwa miongo mingi. Profesa Arvi Hurskainen alianza miaka ya 1980 kazi ya kuifundisha kompyuta sarufi yetu, na hazina kubwa ya matini za Kiswahili inayotumiwa na watafiti wa lugha duniani ina jina la Helsinki. Mzanzibari anayefika kule akidhani ameenda mwisho wa dunia anakuta lugha yake imetangulia.

Somo la kwanza la ustawi wa jamii hulipati darasani. Unalipata kwenye mkahawa wa wanafunzi. Unaonyesha kitambulisho chako, unalipa kama euro 3, na unapata chakula kamili: saladi, viazi au wali, kitoweo, mkate wa shayiri nyeusi, maziwa au maji. Sehemu ya bei ya chakula cha mwanafunzi hulipwa na Kela, taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii iliyoanzishwa mwaka 1937. Alhamisi ni siku ya supu ya njegere na pankeki, desturi iliyo kila mahali nchini, na pembeni huwa na chungu cha supu isiyo na nyama kwa ajili yetu tusiokula nguruwe. Mtoto wa waziri na mtoto wa dereva wanashika trei ile ile. Hakuna dirisha la maskini, kwa hiyo hakuna anayeona haya kusimama kwenye foleni.

Ukitoka kitivo cha sayansi ya jamii, kilicho barabara ya Unioninkatu, ukaelekea kaskazini moja kwa moja, utafika Pitkäsilta, yaani daraja refu. Kwa kweli ni fupi. Unalivuka kabla hujamaliza kufunga vizuri skafu. Lakini kwa Wafini daraja hilo la mawe, lililokamilika mwaka 1912, lina uzito mkubwa. Kusini yake waliishi matajiri na maofisa. Kaskazini, katika Kallio na Sörnäinen, waliishi wafanyakazi wa viwandani, familia nzima katika chumba kimoja na jiko. Mwaka 1918 nchi iligawanyika ikapigana yenyewe kwa yenyewe, na zaidi ya watu 36,000 walikufa. Weka mkono kwenye jiwe la daraja utakuta mashimo ya vipande vya makombora, mengine ya 1918, mengine ya mabomu ya Vita vya Pili. Nilisimama pale mara nyingi nikitia kidole ndani ya mashimo hayo. Sera za jamii za Ufini zilizaliwa na hofu ya kurudia mwaka ule.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 msomi kijana, Heikki Waris, aliandika tasnifu juu ya namna jamii ya wafanyakazi ilivyojengeka kaskazini ya daraja hili. Baadaye akawa profesa wa sera za jamii katika chuo kile kile. Maana yake ni kwamba somo hili, kwa Wafini, lilianza kwa mtu kuvuka daraja na kuhesabu watu wanalala wangapi katika chumba kimoja. Ukilisoma pale unavuka alipovuka yeye.

Kallio ya leo inapendeza. Ukimaliza daraja unaingia uwanja wa Hakaniemi, ambako soko la ndani la matofali mekundu lipo tangu 1914, na harufu ya samaki wa kuokwa inakupokea mlangoni. Barabara inapanda hadi kanisa la mawe la Kallio. Kotiharju, sauna ya umma inayochomwa kwa kuni, imekuwa ikiwafungulia watu milango tangu 1928, wakati nyumba nyingi za wafanyakazi hazikuwa na mahali pa kuogea. Nyuma kidogo, juu ya kilima, kuna Linnanmäki, bustani ya michezo na bembea kubwa iliyofunguliwa mwaka 1950 na mashirika ya ulinzi wa watoto. Mpaka leo faida yake huenda kwenye kazi za kuwalinda watoto. Mtoto anapanda bembea, na senti aliyolipa inamsaidia mtoto mwingine ambaye nyumbani kwao si salama.

Katika mtaa huu alizaliwa na kukulia Tarja Halonen, aliyekuwa rais wa Ufini kutoka 2000 hadi 2012. Wasomaji wa Tanzania wana sababu ya kulikumbuka jina lake. Yeye na Rais Benjamin Mkapa waliongoza pamoja tume ya Shirika la Kazi Duniani iliyochunguza upande wa kijamii wa utandawazi, na ripoti yao ikatoka mwaka 2004. Binti wa Kallio na kijana wa Masasi walikaa meza moja kuiambia dunia kwamba biashara isiyomjali mfanyakazi haina haki. Niliisoma ripoti hiyo maktabani nikiwa naona mnara wa kanisa la Kallio dirishani, na sikuwahi kusoma waraka wa sera kwa raha kama ile.

Lililonigusa zaidi Helsinki ni namna mji unavyompokea mtoto mchanga. Siku moja ndani ya tramu nilikaa karibu na mama mmoja wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira, aliyekuwa na kigari cha mtoto. Alinisikia nikizungumza kwenye simu akageuka kwa furaha.

"Dada, uko mutu wa wapi?"

"Wa Unguja, mama."

Tukaanza mazungumzo. Nikamwona hakugusisha kadi kwenye mashine ya tiketi, nikamuuliza. Akacheka, akamtazama mwanawe aliyelala. "Huku mutoto ndiye analipia mama yake tiketi."

Ndivyo ilivyo. Anayesukuma mtoto mdogo katika kigari husafiri bure kwenye tramu, mabasi na treni za mji. Milango ya katikati ya tramu iko chini, sawa na kituo, na ndani kuna nafasi pana isiyo na viti. Mama au baba hahitaji kumwomba mtu amsaidie kubeba. Nilipomaliza kuzungumza na mama yule nilielewa jambo ambalo mihadhara mingi haikunielewesha: sera nzuri huonekana katika upana wa mlango.

Safari ya mtoto wa Kifini huanza kabla hajazaliwa, katika kliniki ya mama na mtoto wanayoiita neuvola. Daktari wa watoto Arvo Ylppö na wenzake walianzisha ya kwanza Helsinki mwaka 1922. Mwaka 1944 sheria ikaitaka kila manispaa iwe nayo. Kati ya tarehe hizo mbili likaja sanduku. Kuanzia 1938 mama maskini walipewa na serikali sanduku la vifaa vya mtoto, na kuanzia 1949 likawa la kila mama, kwa sharti moja: aende kliniki kabla ya mwisho wa mwezi wa nne wa ujauzito. Katika miaka ya 1930 watoto wapatao 65 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Leo ni kama 2. Sanduku halikufanya kazi hiyo peke yake, lakini ndilo lililowavuta mama mlangoni kwa mkunga.

Nililishika sanduku hilo kwa mikono yangu nyumbani kwa mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa anatarajia kujifungua. Ni la karatasi ngumu, lina picha nzuri juu. Ndani mna godoro dogo, mfuko wa kulalia, nguo za ndani za pamba, soksi, kofia, suti nene ya theluji, taulo, kipimajoto, mkasi wa kucha na kitabu cha kwanza cha mtoto. Ukishatoa vitu na kuliwekea godoro, sanduku lenyewe ni kitanda. Mama asiyelitaka anaweza kuchukua fedha badala yake, lakini wenye mimba ya kwanza wengi hulichagua. Rafiki yangu alinionyesha pia nguo za sanduku la mama yake, zilizohifadhiwa kabatini, rangi zimefifia. Tajiri amelala ndani yake na maskini amelala ndani yake, na ndiyo sababu hakuna mwanasiasa anayethubutu kwa urahisi kuliondoa.

Nilibaki mjini hadi Juni, na hapo nikaona jambo ambalo ningemshauri kila mwanafunzi wetu asiondoke bila kuliona. Skuli zinafungwa, na kwa hiyo mlo wa mchana wa skuli, ambao kila mtoto nchini huupata bure kwa sheria iliyopitishwa 1943 na kuanza kutumika kikamilifu 1948, unasimama. Mji wa Helsinki hauwaachi watoto na njaa hadi Agosti. Tangu 1942 umekuwa ukipika chakula cha mchana na kukipeleka kwenye viwanja vya kuchezea watoto. Nilikwenda kwenye kiwanja kimoja kabla ya saa sita mchana. Watoto walikuwa wamepanga mstari kwenye nyasi, kila mmoja ameshika bakuli na kijiko alichotoka nacho kwao: bakuli la plastiki, bakuli la bati, mkebe wa aiskrimu uliooshwa. Mfanyakazi wa mji aliyevaa aproni alifungua mapipa ya chuma, mvuke ukapanda, akawa anachota supu kwa upawa mmoja baada ya mwingine. Hakuuliza jina, hakuomba kitambulisho, hakuna orodha ya waliosajiliwa. Sharti ni umri tu, mtoto awe chini ya miaka 16. Waliopokea walikaa chini ya miti wakala, Wafini, Wasomali, Warusi, Wakongo, kisha wakarudi kucheza. Shughuli yote ilimalizika haraka na kiwanja kikabaki kisafi.

Kwa makazi, panda tramu hadi Käpylä. Kati ya 1920 na 1925, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimekwisha juzi tu, mji ulijenga huko mtaa wa nyumba za mbao kwa ajili ya familia za wafanyakazi. Msanifu wake alikuwa Martti Välikangas. Nyumba ni za rangi nyekundu, njano na kijivu, zimezunguka bustani za ndani zenye miti ya tufaha, na kila familia ilikuwa na mahali pa kulima viazi. Miaka ya 1960 zilinusurika kubomolewa, baada ya wakazi na wapenda mji kuzipigania. Mwishoni mwa Mei mitufaha inapochanua, ni vigumu kukumbuka kwamba uko katika mtaa uliojengwa kwa wenye kipato cha chini. Siri ya mji ni ardhi. Helsinki inamiliki sehemu kubwa ya ardhi yake, karibu asilimia 70, na inapogawa viwanja vipya huchanganya nyumba za kupanga za mji na nyumba za kununua katika mtaa mmoja.

Na kwa wasio na makazi kabisa, Ufini ilichukua uamuzi ambao sasa hufundishwa vyuoni duniani. Kuanzia 2008 serikali, miji na mashirika kama Y-Säätiö walianza kumpa mtu nyumba kwanza, yenye mkataba na ufunguo wake, kisha ndipo washughulikie ulevi, deni au maradhi yake. Mabweni ya kulala usiku mmoja yaligeuzwa nyumba za kupanga. Miaka ya 1980 nchi ilikuwa na zaidi ya watu 15,000 wasio na makazi. Kufikia 2022 walikuwa chini ya 4,000.

Kuna majengo mawili ambayo kila mwanafunzi wa somo hili aingie. La kwanza ni makao makuu ya Kela mtaa wa Töölö, yaliyosanifiwa na Alvar Aalto na kumalizika mwaka 1956. Matofali mekundu, mwanga unaotoka juu, vishikio vya milango vilivyotengenezwa kwa uangalifu: mjenzi bora wa taifa alipewa kazi ya kujenga ofisi ya pensheni. Taasisi hiyo ndiyo iliyoendesha jaribio la 2017 na 2018, ambapo watu 2,000 wasio na kazi walilipwa euro 560 kila mwezi bila masharti. Matokeo hayakuonyesha ongezeko kubwa la ajira, lakini waliopokea walikuwa na utulivu zaidi wa moyo na imani zaidi kwa wenzao na kwa serikali. Nilifurahi kuona nchi inayojaribu, inapima, na inachapisha hata yasiyoipendeza.

La pili ni Oodi, maktaba kuu iliyofunguliwa tarehe 5 Desemba 2018, zawadi ambayo taifa lilijipa kwa kutimiza miaka 100 ya uhuru. Imejengwa mkabala na Bunge. Juu kuna vitabu vipatavyo 100,000, viti vya kujinyoosha na mabaraza ya watoto. Ghorofa ya kati ina vyerehani, mashine za kuchapa maumbo, studio za muziki na jiko, na mtu yeyote anaweza kupanga zamu. Nilimkuta huko kijana akipunguza suruali ya kazi, bibi akitengeneza pazia na wasichana wa Kisomali wakirekodi wimbo. Ukitoka kwenye roshani unalitazama Bunge moja kwa moja. Mpangilio huo ulikusudiwa, na raia anaukumbuka kila anapoketi hapo na kitabu chake.

Baridi ipo, na msafiri ajue. Katikati ya Desemba jua huchomoza kama saa tatu na dakika ishirini asubuhi na kuzama saa tisa na dakika kumi alasiri. Adhuhuri, alasiri na magharibi hukaribiana sana, na mwenye kusali hana haja ya kwenda mbali na msala wake. Waislamu si wageni mjini humo. Jumuiya ya Watatari ilisajiliwa rasmi tangu 1925. Dawa ya giza ni sauna, kahawa na kutembea kila siku hata kama theluji inaanguka. Kisha ikifika Juni mwanga haumaliziki, jua linazama karibu na saa tano usiku, na tiketi ya kawaida ya usafiri wa mji inakupeleka kwa feri hadi visiwa vya Suomenlinna, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1748. Ni safari ya kama robo saa kutoka sokoni. Mtu wa visiwani kama mimi, nikikaa pale juu ya jabali na upepo wa chumvi usoni, nilipona hamu ya nyumbani.

Sifa haina maana ikificha dosari. Helsinki ina foleni za chakula cha msaada zilizoanza na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1990, na moja iko Kallio kwenyewe. Serikali iliyoingia 2023 imepunguza posho kadhaa, na wanafunzi ni miongoni mwa waliobanwa. Utafiti wa Umoja wa Ulaya uliotolewa 2018 ulionyesha kwamba kati ya nchi zilizochunguzwa, Ufini ndiyo iliyokuwa na sehemu kubwa zaidi ya watu weusi waliosema wamebughudhiwa kwa rangi yao, asilimia 63. Aendaye aende akijua hilo. Mimi nilikutana na maneno mabaya mtaani, na nilikutana na majirani waliosimama upande wangu. Mwanafunzi wa sera za jamii asome yote mawili, kwa sababu mfumo unaolisha kila mtoto bado una kazi ya kumfanya kila mtu ajisikie mwenyeji.

Nyumbani, ninapoeleza haya, jibu ninalolisikia mara nyingi ni kwamba wale ni matajiri. Historia inasema vingine. Njaa ya 1866 hadi 1868 iliua Wafini zaidi ya 100,000. Katika mwaka njaa hiyo ilipoanza alizaliwa Miina Sillanpää, aliyeingia kiwandani akiwa na miaka 12, akawa mtumishi wa ndani, akachaguliwa kuwa mmoja wa wanawake 19 wa kwanza bungeni mwaka 1907, na mwaka 1926 akawa waziri wa kwanza mwanamke nchini humo. Sanduku la mama lilikuja nchi ikiwa ya wakulima maskini. Supu ya viwanjani, sheria ya mlo wa skuli na sheria ya kliniki zilikuja katikati ya vita. Vita vilipokwisha walikuwa na zaidi ya watu 400,000 waliopoteza makazi yao mashariki, na deni la fidia kwa Sovieti walilolilipa hadi 1952. Mwaka 1961 Pekka Kuusi aliandika kitabu kilichowashawishi viongozi kwamba kumtunza raia hukuza uchumi. Walianza kugawana kabla ya kupata, na walichogawana ndicho kilichowainua.

Nasi tuna mwanzo wetu. Mwezi Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa fedha za serikali yenyewe, bila kuuliza nani maskini na nani ana watoto wa kumsaidia. Nilipoeleza hilo katika semina Helsinki, profesa alisimamisha mada aliyokuwa nayo ili nieleze zaidi, na wenzangu waliandika. Fedha ni ndogo, lakini msingi ni ule ule wa sanduku: haki ya kila mtu, foleni moja.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma ustawi wa jamii, mkiona tangazo la nafasi ya mwaka mmoja nje, jazeni fomu mapema na andikeni Helsinki. Mkifika, vukeni daraja, pandeni tramu na mama wenye vigari, simameni kiwanjani saa sita mchana mwone upawa unavyotembea. Mkirudi, ingieni kwenye mabaraza ya madiwani na wizara mseme mliyoyaona, kwa takwimu na kwa sauti. Zanzibar ilianza na wazee wa miaka 70. Zamu ya watoto imefika.